Bastola ya Marehemu Yakohoa

Sehemu ya Tano

"Puf!"

Ndivyo ilivyolia, wasomaji wangu, wala sijatia chumvi. Wiki jana tulimwacha Verna Cutlip kwenye mstari wa kulenga, mikono imenyooka, vigingi vinne viko chini na cha tano kimesimama mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Akavuta kidole. Watu wakakaza masikio wangoje mshindo. Badala ya mshindo, bastola ya marehemu mumewe ikakohoa kama mzee aliyepaliwa na uji.

Kigingi hakikutikisika.

Kama wiki jana hukuwapo, shika hili moja linakutosha. Katika klabu ya walenga shabaha ya Laurel Fork, huko West Virginia, mwanachama akifa bastola yake hupewa mtu wa nyumbani kwake msimu wa majani kupukutika. Ikiangusha vigingi vitano bila kukwama, jina la marehemu hupigiliwa kwenye boriti, juu ya birika la kahawa, likae na majina ya wakubwa. Ikikwama, ndiyo basi. Hakuna rufani, hakuna mwakani.

Delmas Cutlip alikufa mwezi wa Mei. Kibao chake alikichonga mwenyewe, kitandani, kwa mbao ya mjozi, maana alikuwa mtu wa uhakika. Kibao kile kilikuwa ndani ya mkoba wa Verna wakati huohuo, kimefungwa kwa taulo la jikoni.

"Nilisema!" Sauti ikapasuka kutoka kwenye mabenchi. "Nilisema au sikusema?"

Nani mwingine? Okey Hamrick. Tumbo mbele, mikanda myekundu mabegani, na kiunoni ile bastola yake nene ya kijeshi anayoiita Bibi Mkubwa. Miaka yote Delmas aliisifu bastola yake hii, Tolliver, nyembamba, nyepesi, inayojilisha risasi yenyewe. Na miaka yote Okey aliiita cherehani.

Verna hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwa kigingi. Alichojua ni kwamba Delmas hakuwahi kumwambia kuna siku bastola ilikohoa. Akakaza meno, akakaza kidole avute tena.

"Verna! Kidole nje!"

Huyo alikuwa Roma Tennant, mwamuzi. Roma ameendesha basi la shule katika milima ile mpaka akastaafu, na hakuna mtu mzima pale ambaye hakuwahi kufokewa naye utotoni.

"Weka chini! Mtutu uangalie kilima! Ukivuta tena nitakuvunja huo mkono mimi, kabla bastola haijakuvunja!"

Verna akaweka chini.

Basi, mtu akitaka kujua watu wana akili kiasi gani, bastola na ikwame mbele yao.

"Ni mshiko," akasema Mchungaji Hobart, akiwa wa kwanza kufika. "Pole sana, dada Verna, lakini umeishika kilegevu. Tolliver ni kama farasi. Ikijua unaiogopa, imekwisha."

"Mshiko gani, Mchungaji? Ni mafuta," akasema Junior Stalnaker, kijana wa miaka hamsini. "Hii inataka mafuta mengi. Ioge."

"Inataka kavu," akasema Mchungaji.

"Ioge, nakwambia! Nilikuwa nayo mimi. Nikaiuza kwa sababu ilikuwa inakwama."

"Ulikuwa unaisafisha?" Roma akamuuliza bila kugeuka.

"Kwani ilikuwa chafu?"

Watu wakacheka. Junior akajikuna shingo. "Lakini naililia mpaka leo," akasema taratibu. "Ukiishika, ni kama inakukumbuka."

"Yangu mimi haijakwama hata siku moja!" Mchungaji akapaza sauti. "Tangu harusi ya binti yangu. Hata siku moja!"

"Umeipiga mara ngapi?"

"Kuipiga?" Mchungaji akashangaa kama ameulizwa anamtandika mkewe mara ngapi. "Iko kwenye kisanduku chake, imelala kwenye kitambaa. Jumapili baada ya ibada naifungua, naiangalia, naifunga. Ile si ya kupiga, Roma. Ile ni nzuri mno."

"Basi hata sufuria yangu haijakwama," akasema Roma.

Okey akapanda juu ya benchi ili kila mtu amwone. Benchi likalia.

"Mmesikia wenyewe! Mmoja anaiangalia, mmoja anaililia, mmoja kamwachia mjane aibu ya uzeeni! Hiyo ndiyo Tolliver. Shingo nyembamba, inang'aa, na siku ya shida imezimia. Bastola ya kutongozea hiyo, si ya kupigia!"

"Okey," akasema Verna. Hakupaza sauti. "Delmas yuko kaburini, hawezi kukujibu. Ningekuwa wewe ningeshuka hapo kwanza, maana hilo benchi nalo linakaribia kukwama."

Kicheko. Okey akashuka. Lakini Verna hakucheka. Alikuwa anaangalia boriti kupitia dirisha la klabu, mahali penye nafasi, kati ya jina na jina. Delmas alikuwa akikaa chini ya nafasi ile kila Jumamosi, kikombe mkononi, na kusema, "Pale, Verna. Pale panatosha mtu mmoja."

Roma alikuwa hana habari na kelele. Ametoa magazini, kile kikasha cha risasi cha ndani ya mpini, amefungua chumba cha risasi, amechungulia mtutu kwa jicho moja. Akachukua ufito wa shaba na nyundo ya mbao, akaingiza ufito mdomoni mwa mtutu, akagonga. Tok. Tok. Tok.

Kitu kikadondoka kiganjani mwake. Risasi, nyeusi kwa moshi, imejikunyata.

"Njooni muone," akasema.

Wakaja. Hata Okey akaja.

"Bastola hii haikukwama. Risasi ndiyo iliyokwama, imeganda katikati ya mtutu. Ganda lake halikuwa na baruti hata punje. Kile kifataki cha kwenye kitako ndicho kilichosukuma, kikasema puf, kikaishia hapo. Verna angevuta tena, ya pili ingeikuta ya kwanza njiani, na leo mikate yetu iliyoko ovenini tungeilia msibani."

Mchungaji akavua kofia.

"Sasa niambieni," Roma akasema. "Hizi si za dukani. Nani kazijaza?"

Huko milimani, wapenzi wangu, watu hujaza risasi zao nyumbani kama wengine wanavyopika jamu. Ganda, kifataki, baruti, risasi yenyewe, bonyeza, tayari. Na mtu husifiwa kwa risasi zake kama mke anavyosifiwa kwa mchuzi wake. Anayezisifu zake kuliko wote katika Laurel Fork mnamjua. Yuko hapo hapo, mikanda myekundu, na ghafla anaangalia viatu vyake.

Verna akatoa mkebe wa kahawa kwenye mkoba. Akautikisa. Ukalia.

"Nililetewa siku ya mazishi," akasema. "Pamoja na bakuli la makaroni ya jibini."

"Na nani?"

Verna akageuka, akamwangalia Okey.

Watu wote wakageuka.

"Makaroni yalikuwa yangu." Huyo ni Icie, mke wa Okey, amesimama kwenye mlango wa jiko la klabu, glavu ya oveni mkononi. "Nilimwambia alete maua. Akaniambia maua yananyauka."

"Uongo!" Okey akaruka. "Si makaroni, nasema baruti! Mkono wangu haujawahi kuruka baruti! Ulizeni mtu yeyote! Cherehani hiyo ndiyo iliyokula baruti!"

"Bastola ikila baruti, Okey," akasema Roma, "huwa inacheua kwa mlango wa mbele, na ungeisikia."

Kisha Junior akaanza kucheka peke yake, na kicheko cha Junior ni kama punda anayeshuka ngazi, kinavuta wengine. Uso wa Okey ukafanana na mikanda yake.

Roma akainua mkono. "Risasi mbovu si dhambi ya bastola. Naamua hivi: Verna anaanza upya, vigingi vitano."

Makofi!

"Lakini," akaendelea Roma, na makofi yakafa, "mkebe huu haufyatuliwi tena hata risasi moja. Nani ana risasi za Tolliver?"

Junior akaangalia mbingu. "Ziliondoka pamoja na bastola."

"Mchungaji?"

"Mimi... sijawahi kununua."

"Hata moja?"

"Za nini, Roma? Nimekwambia naiangalia."

Na duka la mjini liliacha kuuza saizi ile zamani, kwa sababu Laurel Fork nzima ilimfuata Okey kwenye risasi nene. Watu wakapapasa mifuko, wakafungua magari. Hakuna.

Icie akanusa hewa. "Jamani, mikate inaanza kugeuka rangi."

Hapo Verna akageukia jiko upesi. Maana sheria ya Laurel Fork ni kongwe kuliko Roma: mikate ya pepperoni, ile yenye soseji ya pilipili ndani, ikitoka ovenini, bastola zinafungwa. Mtu mwenye mkate wa moto mkononi hatazami anakopita, na mwaka mmoja wa zamani mtu alipita mbele ya mitutu. Hakuna aliyeumia ila ng'ombe, lakini sheria ikabaki.

"Punguza moto, Icie," Verna akasihi.

"Nimepunguza, mpenzi. Mikate haijui."

Okey akasafisha koo. "Basi ndiyo hivyo. Inasikitisha. Delmas alikuwa mtu, sisemi hakuwa mtu. Twendeni tukale."

Verna alikuwa ameinama anafunga mkebe. Mkono ukamganda kwenye kifuniko. Akainuka polepole.

"Okey."

"Naam, Verna."

"Kila saizi ya risasi ina vyuma vyake vya kujazia. Delmas alikuwa anajazia kwenye meza yangu ya jikoni, nimevifuta vumbi maisha yangu yote. Vyuma vya Tolliver havijazi kitu kingine."

"Ndiyo, ndiyo. Ni hivyo."

"Basi wewe, unayeiita cherehani, ulijaza mkebe huu kwa vyuma vya nani?"

Ungeweza kusikia jani likianguka. Kwa kweli mengi yalikuwa yanaanguka.

"Niliazima," akasema Okey.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Wa mji wa Buckhannon."

"Jina lake?"

"Amekufa."

"Okey," akasema Icie kutoka mlangoni. "Fungua koti."

"Icie, mke wangu, kuna baridi."

"Fungua koti mwenyewe, au nakuja kulifungua na hii glavu."

Okey akaangalia kilima, akaangalia magari, akaangalia umbali wa kwenda kwenye magari. Akaangalia tumbo lake. Akafungua koti.

Kikulacho ki nguoni mwako! Chini ya kwapa la kushoto, katika ala ya ngozi iliyolainika kwa kuvaliwa, ilikuwa imelala Tolliver. Wala si ya kuangalia. Rangi imekwisha ubavuni, mpini umeng'aa kwa jasho la kiganja, imetumika mpaka imekuwa kama ufunguo wa nyumba.

Junior akakaa chini, pale pale kwenye nyasi.

Miaka yote hiyo, mke mkubwa kiunoni anasifiwa hadharani, kumbe nyumba ndogo iko kwapani!

"Sawa!" Okey akalipuka. "Sawa! Ni nyepesi! Haiumizi kiuno! Nimeipiga kwenye mvua, nimeipiga kwenye theluji, imeanguka kwenye kinyesi cha ng'ombe nikaifuta na suruali ikaendelea. Haijawahi kukwama! Mmefurahi?"

"Na Bibi Mkubwa?" akauliza Roma.

Okey akaigusa ile bastola nene kiunoni, kama mtu anayeomba radhi. "Hukwama kila Jumamosi," akanong'ona. "Nakohoa mimi ili msisikie."

"Na baruti aliiruka kwa sababu alikuwa analia," akasema Icie. "Usiku wa kuamkia mazishi, anajaza na machozi yanadondoka mezani. Nikamwambia acha, utakosea, huoni. Akasema anaona."

Hakuna aliyecheka. Okey akajifuta pua kwa mkono wa koti. Na Verna, ambaye tangu Mei alikuwa akimwona mtu huyu kama jipu, akajikuta hajui amweke wapi.

"Nipe magazini yako, Okey," akasema.

Roma akaipokea kwanza, akatoa risasi moja, akaigeuza kwenye mwanga. Nyusi zikapanda. "Hizi ni za dukani."

"Za kulengea najaza mwenyewe," akasema Okey kwa sauti ndogo sana. "Za kubeba ni za dukani, nazifuata Buckhannon. Mtu hachezi na maisha yake."

Loo! Siku hiyo Okey Hamrick alivuliwa nguo mbili. Lakini hakukuwa na nafasi ya kumcheka, maana harufu ya mikate ilishafika kwenye mabenchi na watoto walishaanza kupanga mstari.

Vigingi vitano vikasimamishwa. Verna akasimama mstarini. Akaipokea magazini, akaisukuma ndani ya mpini wa bastola ya Delmas, na kidole gumba kikapita chini yake.

Kikasimama.

Kulikuwa na mkwaruzo kwenye kitako cha ile magazini ya Okey. Akageuza mpini, akatazama. Herufi mbili zilizokwaruzwa na msumari: D.C. Na pembeni yake samaki mdogo, mkia juu.

Samaki yule Verna anamjua. Delmas alimchora kwenye koleo lake, kwenye kisu chake, kwenye mti wa nyuma ya nyumba siku alipomposa.

"Verna!" Roma akaita. "Unapiga au unasali?"

"Mikate natoa sasa hivi!" akalia Icie. "Siwezi kuizuia!"

Verna akainua bastola. Akailenga huku kichwa kinazunguka kwa samaki, na hasira ikamshika, na hasira ikakaza mkono. Mchungaji hatasema leo kwamba mshiko ulikuwa mlegevu.

Pa! Kimoja. Pa! Cha pili kikaruka nyuma ya meza. Pa! Pa! Bastola ilikuwa inajilisha na kutema, inajilisha na kutema, kama mwanamke anayemenya njegere huku anawaza mambo yake.

Pa!

Cha tano kikapigwa bega. Kikazunguka. Kikazunguka tena, kikaenda mpaka ukingoni mwa meza, kikainama, kikachungulia chini, kikasita.

Mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo. "Mikate!"

Kigingi kikaanguka.

Watu wote wakamwangalia Roma. Roma akaangalia mikate, akaangalia meza, akakunja mikono kama enzi za basi.

"Risasi ilitoka kabla ya mikate," akasema. "Jina linapanda!"

Kelele zile, nadhani zilisikika Buckhannon. Junior alimkumbatia Mchungaji, Mchungaji akaapa kwamba Jumapili ijayo ataipiga yake, hata mara moja, hata hewani. Na aliyeng'ang'ania kupanda ngazi na kibao ni Okey, hakuna aliyeweza kumzuia. Akapigilia misumari huku machozi yanamziba macho, akapiga gumba lake kwanza, kisha msumari, kisha gumba tena. DELMAS CUTLIP, mbao ya mjozi, kati ya jina na jina. Pakatosha kabisa.

Verna alisimama chini, akakitazama mpaka akashiba. Ndipo akaiweka ile magazini juu ya meza, kando ya birika.

"Okey. Shuka."

Okey akashuka.

"Hii ilikuwa ya Delmas. Aliniambia ilianguka mto Elk, siku aliyokwenda kung'olewa jino."

"Jino gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nilimvisha mwenyewe siku ya mwisho, Okey. Tulimzika na meno yake yote."

Okey akamtazama mkewe.

"Mwambie," akasema Icie. "Jina limeshapanda. Uliapa kuficha mpaka jina lipande, limepanda. Mwambie, au nitamwambia mimi, na mimi nitaanzia mwanzo."

"Nyinyi mlikuwa maadui," akasema Verna. "Miaka yote hii mlikuwa hamsalimiani!"

"Jumamosi," akasema Okey. "Jumamosi tulikuwa hatusalimiani." Akajifuta uso. "Verna, kuna kitu Delmas alikuwa anakuandalia. Kwangu, bandani, ili usijue. Alitaka akupe kwenye kumbukumbu ya ndoa yenu, akafa kabla. Akaniachia nikitunze. Nimekileta leo, kiko garini ndani ya tundu lake, nimekifunika blanketi kwa ajili ya baridi."

"Kitu gani?"

"Siwezi kukieleza. Lakini kinakula sana. Na hakinyamazi."

Verna akauendea mlango. Nje, gari la Okey lilikuwa limeegeshwa chini ya mti, dirisha limeshushwa kidogo. Akashika kitasa cha mlango wa klabu, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Na kutoka ndani ya gari lile, kwa sauti kavu, ya puani, sauti ya mtu ambaye watu wote walimfukia kwa mikono yao mwezi wa Mei, kitu kikaita:

"Verna! Kahawa yangu iko wapi?"